Seti ya sanduku la mbao ya kufungia nzi wa chambo: nini kinafaa, nini kitupwe

Ukitafuta mtandaoni vifaa vya kufungia nzi wa chambo, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni sanduku la mbao lenye bawaba za rangi ya dhahabu. Ndani yake mna jiliwa dogo (kile kibano cha kuishikilia ndoana unapoifanyia kazi), mkasi, vikorokoro vya chuma sita au saba, na mfuko wa manyoya yaliyopakwa rangi kali kama mapambo ya harusi. Wauzaji ni wengi na majina ya kwenye kifuniko ni mengi, lakini ukifungua masanduku matatu utaona mzigo ni mmoja: jiliwa ni nakala ya Thompson Model A, jiliwa la Kimarekani la zamani, na vifaa vingine vimetoka kwa mafundi wale wale. Bei hucheza kati ya dola 30 na 60 kabla ya usafiri na ushuru. Tathmini hii inaihusu seti ya aina hiyo, kitu kimoja kimoja.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: nzi wa chambo ni ndoana iliyovikwa manyoya, uzi na waya ili samaki amdhanie kuwa mdudu, buu wa majini au dagaa mdogo. Hutupwa kwa fimbo na kamba maalumu nzito, kwa sababu chambo chenyewe hakina uzito wa kujirusha. Kenya wanavuliwa nao trauti katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya, tangu samaki hao walipoletwa kutoka Uskoti mwaka 1905. Pwani, Watamu na Malindi, wapo wanaomtafutia nduwaro. Na Kenya hiyo hiyo ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi kwa wingi kwa ajili ya soko la nje; nzi wa Fulling Mill, kampuni ya Uingereza, hufungwa huko na kuuzwa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo tusidhani ni mchezo wa wageni tu.

Kabla ya kuhukumu vyuma, tuseme kwanza raha ya kazi hii iko wapi, maana hapo ndipo seti inapopaswa kupimiwa. Raha yake ni kwamba kosa linaonekana. Nzi amekaa mbele yako, urefu wa sentimita mbili au tatu, na kila zamu ya uzi uliyoipiga ipo pale pale. Mkia umeinama upande? Uliubana ukiwa umeshikwa kwa kulegea. Kichwa kimevimba? Ulianza kufunga karibu mno na tundu la ndoana. Unachukua ndoana nyingine, dakika kumi na tano baadaye kosa lile halipo, limebaki dogo zaidi yake. Kazi chache za mikono hujibu upesi namna hiyo. Ila jibu hilo hupatikana tu kama kifaa ni mkweli. Jiliwa likiachia ndoana kwa siri, au uzi ukikatwa na chuma na si na mkono wako, hujui tena kosa ni la nani, na watu wengi huishia hapo wakidhani vidole vyao ni vizito.

Basi jiliwa. Hubanwa ukingoni mwa meza kwa kibano cha umbo la herufi C, lina nguzo nyembamba kiasi cha kidole kidogo, na juu yake bomba lililolala mshazari ambamo fimbo ya taya hupita. Ukibonyeza wenzo wa nyuma, fimbo huvutwa ndani ya bomba, mdomo wa bomba huzikandamiza taya, nazo hukamata ndoana. Ni ufundi mzuri, rahisi, usio na mengi ya kuharibika. Tatizo ni chuma chake.

Likifika, usikimbilie kufunga. Funga taya bila kitu ndani na ulinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Taya zinatakiwa zigusane kwanza kwenye ncha. Ukiona mwanga unapita mbele huku nyuma zimeshabanana, jiliwa hilo halitashika ndoana ndogo kamwe, kwa sababu nguvu yote inaishia nyuma. Kasoro ndogo hurekebishika: kunja msasa namba 400, ingiza kati ya taya, bana kidogo, vuta mara tatu nne, kisha tazama tena. Ikiwa mwanya ni mpana kiasi cha kupitisha karatasi, lirudishe kwa muuzaji, usipoteze jioni yako.

Halafu weka ndoana namba 12. Katika ndoana hizi namba ikipanda, ndoana hupungua: namba 8 ni kubwa kuliko 14. Ibanie kwenye mpindo, sehemu ya chini, shina likae sawa na meza, ncha ikibaki nje ya taya. Wanaoificha ncha ndani ya taya ili uzi usikwame juu yake huishia kuivunja, au kuitia ufa ambao wataugundua siku samaki mkubwa akishika. Sasa weka ukucha chini ya tundu la ndoana, iinue kidogo, uiachie. Ndoana iliyoshikwa vizuri hulia *ting*, kama waya wa zeze. Iliyoshikwa vibaya haina sauti, inashuka tu nusu milimita. Nusu milimita hiyo ukiizidisha kwa zamu sitini za uzi, utapata nzi ambaye vitu vyote juu yake vimelegea na hujui kwa nini.

Ikishuka, usiukandamize wenzo kwa nguvu zaidi. Kwanza rekebisha fimbo ya taya: izungushe hadi wenzo ukifika kama robo tatu ya safari yake ndoana iwe imeshakamatwa. Ukilazimika kuusukuma hadi mwisho, taya zimefunguka mno. Ukishindwa kuufikisha nusu, zimebana mno, na ndoana nyembamba itavunjika mpindoni. Kila unapobadili unene wa ndoana, rekebisha upya. Hili ndilo jambo ambalo kijikaratasi cha ndani ya sanduku hakilisemi, na ndilo linaloharibu majiliwa mengi kabla ya wakati wake: chuma ni laini, ndoana nene ikilazimishwa huchimba mfereji, na baada ya hapo ndoana nyembamba hutulia ndani ya mfereji ikicheza. Ukilitunza kwa ndoana za namba 8 hadi 14 litakufaa muda mrefu. Chini ya namba 16 taya ni pana mno, vidole havina pa kupita. Kwa ndoana nene za baharini, sahau.

Kibano cha meza huteleza. Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kiweke pande zote mbili za ubao, tatizo limekwisha.

Sasa kitu ambacho kwa maoni yetu ni kibaya kuliko vyote sandukuni, na ndicho cha kubadili kwanza: kishikio cha rili ya uzi. Kina miguu miwili ya waya inayoibana rili, na bomba jembamba la kupitishia uzi. Katika seti za bei hii bomba ni la chuma kitupu, na mdomo wake mara nyingi umekatwa bila kusuguliwa. Uzi unapita pale mamia ya mara kwa nzi mmoja. Pima hivi: chukua kipande cha pamba, kizungushe mdomoni mwa bomba. Pamba ikinasa, pana makali, na uzi wako utakuwa unakatika mara kwa mara bila sababu unayoiona. Mwanzoni huanza kwa kuchanika nywele nywele, kisha ghafla *tap*, na mkia uliokuwa umeshauweka unamwagika mezani. Unaweza kuusugua mdomo huo kwa kijiti cha meno kilichopakwa dawa ya meno, ukikizungusha kwa dakika kadhaa, na utapata nafuu. Lakini kishikio chenye mdomo wa kauri si ghali, na hakuna fedha utakayoitumia kwenye kazi hii itakayokulipa upesi zaidi.

Mbano wa miguu nao hukosewa. Vuta uzi polepole: rili inatakiwa izunguke na kutoa uzi muda mchache kabla uzi haujafika mahali pa kukatika. Ukikatika kwanza, miguu inabana mno. Ifungue kwa kuivuta nje kidogo kidogo, milimita mbili kwa mara moja. Rili ikitoa uzi kwa uzito wa kishikio peke yake kikining'inia, miguu imelegea; ikunje ndani. Kishikio kilichosawazishwa vizuri hukaa kikining'inia chini ya ndoana bila kushuka, kikiushika mkazo wa uzi wakati mikono yako inachagua unyoya.

Uzi wenyewe unaokuja na seti ni wa kushonea, mara nyingi mnene na wenye nywele. Haufai. Uzi wa kazi hii hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Denia 70 ni kwa ndoana ndogo, denia 140 ni kwa za kati. Watengenezaji wengine, kama UNI wa Kanada, huandika 8/0 na 6/0. Chukulia 8/0 ni jirani ya denia 70 na 6/0 jirani ya 140, hutakosea sana. Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba kila zamu unayoizungushia ndoana inausokota uzi kidogo. Uzi bapa ukisokoteka unakuwa kama kamba, unajenga vinundu, na kichwa cha nzi kinavimba. Kila baada ya zamu ishirini hivi, acha kishikio kining'inie na ukizungushe kinyume na saa ukitazama kutoka juu. Utauona uzi unafunguka na kulala bapa. Ukitaka ung'ate kitu kinachoteleza, fanya kinyume chake, usokote kwanza.

Mkasi una kazi moja: kukata unyuzi mmoja wa manyoya, kwa ncha, bila kuutafuna. Ule wa sandukuni hutafuna. Mkasi mdogo wa kudarizi wa ncha kali, unaopatikana duka lolote la vifaa vya cherehani, ni bora mara mbili. Waya usiukate kwa ncha. Ukate kwa sehemu ya nyuma karibu na msumari, la sivyo baada ya wiki utakuwa na mkasi wa kutafuna wa pili.

Sindano yenye mpini, sawa. Kibano cha manyoya, kile kidogo cha waya wa springi, hukata unyoya kwa sababu midomo yake ina kingo kali. Ivalishe kipande cha mpira mwembamba, kile kinachovuliwa kwenye waya wa umeme, kitakuwa kizuri kuliko cha bei ghali. Kifaa cha fundo la mwisho kimejaa kutu lakini kinafanya kazi. Kopo la gundi ya kichwa mara nyingi hufika limekauka, na hata likiwa bichi rangi ya kucha isiyo na rangi hushinda: inakauka upesi, inang'aa, inapatikana kila mtaa.

Mfuko wa manyoya ndio uliotuchekesha. Una rangi kumi na mbili, na hakuna rangi hata moja iliyo na manyoya ya kutosha kufunga nzi sita wanaofanana. Ni kama kupewa kijiko kimoja kimoja cha kila kiungo cha pilau. Na kufunga sita wanaofanana ndiyo njia ya kujifunza. Mafundi wa viwandani hufunga kwa darzeni, aina moja, namba moja, hadi mkono uache kufikiri. Achana na mfuko huo. Chagua nzi mmoja, nunua vitu vyake tu.

Nzi wa kuipimia seti ni Woolly Bugger. Sifa yake hupewa Russell Blessing wa Pennsylvania, aliyemfunga mwaka 1967, na hadi leo hana mpinzani kwa anayeanza: ni mkubwa, husamehe makosa, huvua trauti, huvua besi wa Ziwa Naivasha, na hukitumia kila kifaa kilichomo sandukuni. Ndoana iwe namba 8 au 10 ya shina refu. Uzi mweusi denia 140.

Anza kufunga nyuma ya tundu, ukiacha nafasi ya upana wa matundu mawili. Nafasi hiyo iheshimu kama uchochoro wa jirani. Ni ya kichwa, usijenge. Piga zamu tano mbele kwenda nyuma juu ya uzi wenyewe, kata kisalio, endelea hadi juu ya kijino cha ndoana, kile kichomozo kidogo karibu na ncha.

Mkia ni marabuu nyeusi. Jina limetoka kwa yule korongo mkubwa mwenye upara anayekaa juu ya miti ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ambaye Kampala humwita kaloli. Zamani manyoya yake laini ya chini ndiyo yaliyotumika. Siku hizi ni ya bata mzinga, jina tu limebaki. Lowesha vidole kwa maji, si kwa mate maana rangi ya bei nafuu hutoka, uyapitishe kwenye marabuu hadi yashikamane kama brashi ya rangi. Bila hivyo yanapeperuka hata kwa pumzi yako. Urefu wa mkia uwe sawa na urefu wa shina, si zaidi. Mkia mrefu hujiviringisha kwenye mpindo wakati wa kutupa, na samaki hung'ata ncha ya mkia akaondoka bila kugusa ndoana. Yabane juu ya shina kwa urefu wote wa mwili, hadi ule mwanzo wa uzi, ndipo ukate. Ukikata karibu na mkia utaacha ngazi, na mwili utakaoujenga juu yake utakuwa na nundu nyuma.

Hapo hapo juu ya kijino funga waya wa shaba wa milimita 0.2, sentimita kumi. Kisha shenili, yaani uzi mnene wenye manyoya mafupi pande zote, sentimita kumi na mbili. Usiifunge ilivyo. Banua ncha yake kwa kucha, vuta manyoya yake milimita nne zitoke, ubaki na uzi wake wa ndani, funga kwa huo. Peleka uzi mbele, zungushia shenili zamu zikigusana bila kupandana, ifungie mbele, kata. Ukikosa shenili, uzi wa kufumia sweta hufanya kazi ile ile, mwili ukiwa mwembamba kidogo.

Unyoya wa jogoo sasa. Chagua ambao nyuzi zake, ukizikunja pembeni mwa ndoana, zina urefu wa mara moja na nusu ya nafasi kati ya ncha na shina. Ufunge mbele, kwa kitako chake kilichosafishwa, uuzungushe kurudi nyuma zamu tano au sita zilizoachana. Ukifika nyuma, usiuachie: ukamate kwa waya, zamu mbili, kisha leta waya mbele ukizungusha upande ule ule. Kwa kuwa unyoya umekwenda nyuma na waya unakuja mbele, vinakatizana. Kila makutano ni pini inayoulinda uti wa unyoya dhidi ya meno ya samaki. Wakati wa kuleta waya, utikise kushoto kulia unapoubana ili upite katikati ya nyuzi bila kuzilaza. Uti ukivunjika njiani, kwa kawaida sababu ni mbili: unyoya umekauka mno, dawa yake ni kuulowesha, au midomo ya kibano ina makali, na hilo tumeshalisema.

Fundo la mwisho zamu tano, livute taratibu, kata, tone la rangi ya kucha. Kabla halijakauka, pitisha uti wa unyoya uliobaki ndani ya tundu la ndoana ulisafishe. Tundu lililozibwa hutagundua nyumbani, utaligundua mtoni vidole vikiwa vya baridi.

Mtumbukize kwenye glasi ya maji umeshikilia kamba. Mkavu alikuwa kama brashi ya kuoshea chupa; akilowa mkia hujikusanya ukawa mwembamba kama wa mkunga mdogo. Mvute sentimita tano, usimame. Mkia unafunguka, unafunga. Kama unainamia upande mmoja, marabuu yalipinduka kwenye shina ulipokuwa unabana: uzi huvuta kila kitu kwenda upande wa mbali nawe, kwa hiyo safari ijayo yashike yakiegemea kwako kidogo kabla ya kukaza.

Kwa mtihani huo, seti ya sandukuni ikiwa haijabadilishwa chochote ilipata alama mbaya kwenye kishikio cha uzi na mkasi, alama ya wastani kwenye jiliwa lililosuguliwa, na sifuri kwenye mfuko wa manyoya. Ndoana zake nazo ni za chuma laini. Choma ncha kwenye kipande cha mbao, vuta tundu kwa koleo: ikifunguka na kubaki imefunguka, si ya kuvulia. Ndoana nzuri hurudi. Za Mustad wa Norwe au Kamasan B175 huuzwa pakiti, na hapo si mahali pa kubana matumizi.

Ukitaka kuona ni vitu vichache kiasi gani kazi hii inahitaji, mwangalie nzi wa Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza. Nzi wake wa mkia wa kuku-mwitu wa aina ya fezanti hana uzi kabisa. Ana vitu viwili: nyuzi nne za mkia wa ndege huyo na waya mwembamba wa shaba. Waya hutandikwa kwenye shina, hujengwa nundu kifuani, hubana ncha za nyuzi kuwa mkia, kisha nyuzi na waya husokotwa pamoja na kuzungushwa kuwa mwili. Mwishoni nyuzi hukunjwa mbele na nyuma juu ya kifua kuwa mgongo. Hana miguu. Waya ni uzi, ni uzito na ni rangi kwa mpigo. Waya huo, wa milimita 0.1 hadi 0.2 wenye rangi ya kahawia-nyekundu, kila fundi wa kusuka mota anao. Kipande anachokitupa kinatosha nzi hamsini. Usiusokote zaidi ya mara tano sita kwa nyuzi nne, la sivyo nyuzi hukatwa na waya kabla mwili haujafika katikati.

Kuhusu manyoya ya nyumbani: jogoo wa kienyeji ana manyoya laini yenye utando mwingi, na hayo ni mazuri kwa nzi wa kuzama. Kwa nzi wa kuelea juu ya maji hayafai, hunywa maji. Hapo utahitaji ya majogoo wa kufugwa kwa kazi hiyo, kama wa Whiting Farms wa Colorado, ambao unyoya wao mmoja mrefu hufunga nzi kadhaa. Ya kanga wa kufugwa, yale ya madoadoa, hutengeneza miguu mizuri sana. Yaoshe kwa sabuni, yakaushe kivulini, yafunge kwenye mfuko na kuyaweka kwenye friza siku kadhaa, yatoe siku moja, yarudishe tena. Bila hivyo wadudu wanaokula manyoya watahamia sandukuni na ndani ya miezi miwili utakuta vumbi na vijiti.

Na anayeuliza kama aruke seti hii anunue jiliwa la maana moja kwa moja? Regal ya Marekani haina cha kurekebisha: unabonyeza wenzo taya zifunguke, unaingiza ndoana, unaachia, springi inashika, nyembamba au nene. Renzetti Traveler huzungusha ndoana kwenye mhimili wa shina lake, hivyo shenili na waya hujizungushia wenyewe huku mkono mmoja ukishikilia tu, na upande wa pili wa nzi unauona bila kuinama. Zote mbili huzidi dola 200. Danvise ya Denmaki ni nafuu zaidi na huzunguka pia, mwili wake ukiwa wa plastiki ngumu na taya za chuma kilichokomazwa. Kwa anayefunga nzi wawili kwa wiki, jiliwa la sandukuni lililosuguliwa linatosha. Kwa anayepanga kufunga darzeni kila jioni, Danvise ndiyo tungeinunua, na tofauti ya bei ya Regal tukainunulia ndoana.

Kwa hiyo, ukiwa na dola 50: usinunue seti. Nunua jiliwa hilo hilo likiuzwa peke yake, kishikio chenye mdomo wa kauri, rili moja nyeusi ya denia 140, pakiti ya ndoana namba 10 za shina refu, na pakiti ya marabuu nyeusi. Mkasi, waya, uzi wa sweta, rangi ya kucha na manyoya ya jogoo utavipata mtaani. Ukishapewa seti kama zawadi, ipokee, badili vitu viwili, itakwenda.

Sanduku lenyewe, kwa haki, limetengenezwa vizuri. Bandika sponji ngumu ndani ya kifuniko uchomeke nzi waliokamilika, ila usikifunge siku hiyo hiyo uliyotoka kuvua: waache wazi usiku mzima wakauke, kwani ndoana moja yenye unyevu huwaambukiza kutu wenzake wote.